Mikia Sita ya Panya

Mdogo wangu alipopata kazi ya kukamata panya, nilimwonea wivu kama vile amepewa ubunge. Najua inachekesha. Panya hao hao nimewaua kwa ufagio tangu utoto na hakuna aliyenipa hata asante, yeye akawafuata kwa gari la ofisi, glavu mkononi.

Alikuwa msaidizi wa watafiti. Kazi yenyewe alitueleza jikoni kwa mama, kijijini Mutuka, mimi nikichambua maharage. Panya wa nyumbani hasafiri mwenyewe, alisema; husafiri na watu, ndani ya magunia na masanduku yao. Ukisoma vinasaba vyake, unaweza kujua wenye nyumba walitokea wapi. Wazazi wetu waliteremka kutoka Mbulu na punda mmoja na magunia mawili ya mbegu. Basi alitaka kujua kama panya wa ghala letu bado ni wa kule juu, au ni hawa wa mjini wanaoletwa na malori ya Arusha na Dodoma.

Mama alimsikiliza mdomo wazi. Mimi nikianza kueleza jambo, mama hukumbuka kwamba ng'ombe hawajanyweshwa maji.

Mdogo wangu aliniachia mitego, mkasi na vichupa vya spiriti, akaenda Mbulu kwa wiki mbili. Kazi yangu ilikuwa kukata ncha ya mkia, kuitia kwenye kichupa na kuandika panya katoka nyumba gani. Kukamata sikuhitaji kufundishwa. Niliweka mitego kando ya ukuta, kwenye njia zao, nikatia dagaa wa kukaanga, na wiki ya kwanza nikapata kumi na wanne. Jumapili, baada ya misa, nikamsikia mama akiwasimulia wenzake kwamba binti yake mtaalamu amekamata panya kumi na wanne ghalani. Mtaalamu mwenyewe alikuwa Mbulu. Nilisimama pale na kitenge changu nikitabasamu, roho inaniuma.

Wiki iliyofuata nikafanya ubaya. Nina kibanda cha nafaka sokoni mjini Babati, na panya hawakosekani. Nilikata mikia ya panya sita wa pale, nikaandika kwenye vichupa: Mutuka, ghala la mama. Nilitaka kazi yake iharibike, wakubwa wake wamwone si lolote. Sikuwa na sababu nyingine, na sitaitafuta leo.

Mdogo wangu alivichukua vichupa, akaenda navyo maabara, miezi ikapita. Aliporudi nyumbani alikuwa anang'aa. Ghala letu, alisema, limewashangaza watafiti wote: lina koo mbili za panya, wa Mbulu na wa mjini, wanaishi chini ya paa moja na hawajazaliana hata kidogo. Walikuwa wamemchagua yeye aende Arusha kulieleza jambo hilo mbele ya wageni. Mama akamshukuru Mungu, akawasifu na panya. Mimi nikawa nakoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva.

Kisha akatoa karatasi kwenye mkoba, akaniambia, "Dada, soma hapa chini."

Lilikuwa jina langu. Majina yote matatu, yamepigwa chapa, na maneno kwamba panya wote wa Mutuka nimewakamata mimi.

"Niliwaambia bila wewe nisingepata hata mmoja," alisema.

Mama akaichukua karatasi, akaisoma polepole, kisha akaniangalia. Aliniangalia kwa macho niliyozoea kuyaona yakielekezwa kwa mwingine. Ningeweza kunyamaza. Nilitamani sana kunyamaza.

"Sita si wa hapa," nikasema. "Ni wa kibandani kwangu. Niliandika Mutuka makusudi."

Mdogo wangu akauliza kwa nini. Nikamjibu, "Wivu."

Mama akamrudishia karatasi, akatoka nje. Halafu mdogo wangu akauliza ni vichupa namba ngapi, nami nikamtajia vyote sita bila kukosea. Akaikunjua orodha ya vichupa iliyokuwa kwenye karatasi ile ile, akavifuta kimoja kimoja, na safari yake ya Arusha ikafutika navyo. Kalamu ikahamia kwenye jina langu, ikakaa juu yake.

Kisha akaifunika kalamu.

"Wale kumi na wanne ni wako," alisema, akanirudishia karatasi.