Jiwe Lisilopenda Mwanga

Mtunza mawe wa ofisi yetu ya madini huyafunika mawe ya fosfeti yaliyotoka mgongoni mwa mlima kama anayelaza watoto: "Haya, lala." Lile la buluu, ambalo mwanga hulitia weusi, hulifunga kitambaa kizito. Hata mkurugenzi huonyeshwa kwa kufumba na kufumbua tu. "Umeona? Basi." Siku moja mama mfagizi, ambaye macho yake yanafifia, alimwomba amwonyeshe buluu hiyo kabla hajapofuka. Mtunza mawe akamshika mkono hadi dirishani, akafungua pazia, akamwekea jiwe kiganjani.

"Litaharibika, mwanangu."

"Wewe tazama mpaka ushibe, mama."

Sasa jiwe lina weusi upande mmoja. Wageni wakiuliza limepatwa na nini, mtunza mawe hulipapasa kwa kidole gumba. "Hapo mama alitazama akashiba."