Nyundo za Piano ya Mama Mwalimu

Nakumbuka siku moja mwishoni mwa masika, miaka ile ya hamsini, nilipoifungua kwa mara ya kwanza piano ya Mama Mwalimu pale Ifakara. Lakini kabla sijaendelea, mwanangu, umjue anayesema nawe. Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Mofu. Nilitoka bondeni na shati moja, nikafika hadi Nairobi, nikafanya kazi katika duka la vyombo vya muziki mchana na kusoma jioni, nikarudi na diploma ya ufundi wa piano. Katika bonde zima la Kilombero hapakuwa na fundi mwingine wa piano. Diploma hiyo niliitia kwenye fremu ya kioo, nikaitundika mahali ambapo mgeni akiketi lazima aione. Sijisifu, nasema yaliyokuwapo.

Mama Mwalimu alikuwa mjane. Marehemu mumewe, mwalimu wa shule, ndiye aliyeinunua piano ile kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akiondoka Mahenge, ikavushwa mto juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Usione vyaelea, vimeundwa. Tangu mwalimu afariki hakuna aliyeigusa. Siku aliponiita alinieleza haja moja tu: aisikie kama mumewe alivyoiacha. Sauti ya marehemu mwenyewe ilikuwa imeshaanza kumtoka masikioni, akaogopa ya piano nayo itaifuata.

Nilipoondoa ubao wa mbele, ilinipokea harufu ya panya na unyevu. Walikuwa wamejenga kiota cha makapi ya mpunga, wakakitandikia sufu waliyoitafuna kwenye nyundo za pembeni. Nyundo za piano ni vijiti vya mbao vyenye kichwa cha sufu ngumu, na kila kimoja hugonga waya wake. Nyaya zenyewe zilishika kutu. Nikatoa vibao vyote vya kubonyeza kwa vidole nikavipanga juu ya mkeka, nikapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, nikasugua kutu, nikazivalisha sufu mpya nyundo zilizoliwa. Kazi safi, mwanangu. Hata leo sioni wa kuifanya hivyo.

Nyundo za katikati panya hawakuzigusa, ila vichwa vyake vilikuwa vimechimbika mifereji. Hutokea nyundo ikigonga waya miaka mingi, na sauti yake huwa kali, kama ya sufuria. Dawa yake nilifundishwa: unachukua msasa, unakwangua mpaka sufu iwe sawa. Nikachukua msasa.

Mama Mwalimu akauliza nataka kufanya nini. Nikamweleza kwa maneno marefu, na diploma nikaitaja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akapitisha kidole juu ya ile mifereji.

"Hii aliichimba nani?"

"Ni kutumika, mama. Marehemu alipenda kupiga hapa katikati."

"Basi hapa ndipo alipo. Kule makaburini kuna msalaba tu. Ukipakwangua, baba, mimi nitamtafuta wapi?"

Hilo sikufundishwa Nairobi. Nikaweka msasa chini, ingawa moyo uliniuma, kwa kuwa jina litakalosemwa ni langu. Na kweli, lilisemwa. Siku ya kuijaribu walikuja majirani, akiwamo katekista mmoja mwenye ulimi mkali, akasikiliza kidogo akatabasamu.

"Fundi wa Nairobi, mbona katikati inakohoa? Au diploma yako iliishia pembeni?"

Watu wakacheka. Ningeweza kujitetea, na kwa maneno sishindwi. Lakini haja ya mjane si ya kutangazwa barazani. Nikaigeukia piano.

Mama Mwalimu akaninong'oneza wimbo ambao mumewe alikuwa akiupiga kila jioni, nami nikaufuata polepole kwa vidole. Aliketi akiutazama mlango wa chumbani, kama mtu aliyesikia hodi. Nilipomaliza, mama akasema bila kunigeukia, "Rudia." Nikarudia. Kila nilipotaka kuinuka alilisema neno lile lile, mpaka nikawa sivioni tena vibao kwa giza.

Baada ya hapo nimetengeneza piano nyingi, hadi za pwani, na zote zilisifiwa. Mama Mwalimu alishamfuata mumewe, na piano sijui iko wapi. Ajabu ni kwamba katika uzee huu sizitamani zile zilizosifiwa. Natamani kuisikia tena ile iliyochekwa, na kumwona yule aliyekuwa akiisikiliza.

Basi mwanangu, soma. Pata diploma inayoizidi yangu, ingawa nina shaka. Lakini ukiitwa kutengeneza kitu cha mtu, muulize kwanza anataka nini kibaki, kwani kuuliza si ujinga. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ila kuna kitu chakavu ambacho mwenyewe hawezi kuishi bila kuwa nacho. Na ukichekwa kwa sababu umemtunzia mtu alichokipenda, kubali kuchekwa.

Mungu akujalie mikono yenye ujuzi na moyo wa kusikiliza. Na siku utakapoondoka duniani, abaki mtu wa kutamani kukusikia tena.