"Miss" kwa Kitaliani

Nimekasirika mpaka ugali haupiti, na anayenikasirisha zaidi ni mimi mwenyewe na huu mdomo wangu.

Nilijigamba Kihesa nzima kwamba Kitaliani nakijua, eti kwa kuwa niliwahi kuwapikia mapadre Wataliani. Basi juzi bwana Mwingereza ninayempikia sasa, ambaye Kiswahili chake ni cha kugombeza watu tu, karudi kutoka likizo Ulaya. Akaniita nimtafsirie kwa rafiki yake, fundi mwashi Mtaliani anayechechemea. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hawa walikuwa maadui. Leo wanakula meza moja.

Bwana akamshika mkono kwa upole, akasema, "I missed you." Alimaanisha alimkumbuka sana. Mimi "miss" niliijua ya kuwinda tu: umelenga, umekosa. Kiingereza gani hiki, neno moja linabeba mapenzi na risasi?

Nikatoa kifua mbele: "Ti ho mancato!" Yaani, nilikulenga, nikakukosa.

Fundi akaiva uso. Akapandisha suruali, akaonyesha kovu la risasi gotini, kisha akanigeukia na Kiswahili kilichonyooka, ambacho kumbe anacho siku zote:

"Mwambie hakunikosa!"