Mpunga Mbichi

Kwetu Kasongo mtu akikusalimia asubuhi hataki kujua habari zako, anataka tu kupita. Lakini mwaka ule niliokopa, hakuna salamu iliyopita bila kuniuma. Mama aliyeuza mikate karibu na lango la shule ninayofundisha alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha akiba. Kila asubuhi aliniambia, "Mwalimu, uliamuka?" Hakuongeza neno. Mimi nilisikia, "Mwalimu, pesa yetu iliamuka?" Mwishowe nikawa naingia shuleni kwa nyuma, kupitia vyoo vya watoto, mimi mtu mzima na kitenge changu cha kushonesha kwa fundi.

Tulikuwa wanawake ishirini na kitu, wa kanisani na wa msikitini, na sanduku letu la bati lilikuwa na kufuli tatu. Funguo zilikaa nyumba tatu tofauti ili mtu mmoja asije akajaribiwa peke yake. Kila Jumapili alasiri tuliweka akiba. Anayetaka alikopa, akarudisha fungu kila mwezi pamoja na riba, na mwisho wa mwaka tuligawana kilichomo. Miaka miwili niliweka tu, sikukopa, nikajivuna kwa jambo hilo mpaka wenzangu wakanichoka. Kisha majivuno yakageuka wivu. Niliwaona wakichukua pesa zile zile nilizoweka mimi, wakazungusha biashara ya chumvi na sabuni, wakarudisha, na bado wakabaki na kitu. Nikasema na mimi nitakopa.

Mwalimu mwenzangu alinishauri nitie pesa katika shimo la dhahabu kule Salamabila, ambako alisema ana fungu lake. Nilimwuliza kama amewahi kuliona hilo shimo. Akasema anatumiwa picha. Mimi si mtu wa kulishwa picha. Nikachagua mpunga, kwa sababu nilizaliwa ndani yake na nilidhani hauwezi kunidanganya.

Kuna biashara moja ya mpunga ambayo kila mtu wa huku anaijua na hakuna anayeisifu. Miezi ile kabla ya mavuno, ghala zikiwa tupu na watoto wamefukuzwa shule kwa ajili ya ada, mkulima mwenye shida anauza mpunga wake ukiwa bado kijani shambani. Mnunuzi anatoa nusu ya bei, wakati mwingine chini ya nusu. Mavuno yakifika anakuja kuchukua magunia yake. Wanaiita kuuza mpunga mbichi. Ni aibu kwa anayeuza, maana ni kama kutangaza kwamba umeshindwa kungoja, na kwa anayenunua si heshima sana. Kwa hiyo katikati anasimama komisioneri, ndiye dalali wetu, na majina ya pande zote mbili yanabaki tumboni mwake.

Komisioneri wangu alikuwa mzee mchangamfu mwenye baiskeli na kofia safi ya kuswalia. Nilimtania kwamba biashara hii ni riba iliyovaa kanzu. Hakukasirika. "Mwalimu, mie sikopeshi mutu," alisema. "Riba iko haramu. Mie nanunua mupunga tu." Mimi Mkristo nikaitikia kwa kichwa, maana maneno hayo yalinifaa na mimi.

Nilimpa pesa zote za mkopo. Nilimwelekeza mwenyewe aende upande wa kwetu, kule Kabambare, kwa sababu naujua udongo wake na najua watu wa kule hawakimbii deni. Angenunua mashamba manne. Katika daftari lake hakuandika jina hata moja, aliandika alama: ya kichuguu, ya njia panda, ya jiwe. Hayo matatu aliyapata wiki ya kwanza. La nne alisema atasubiri kwanza, asikimbilie mpunga mwembamba. Pesa ya shamba la nne ikabaki mfukoni mwake.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Nilikuwa nimewafundisha watoto mvua kwa miaka kumi na minne, inatoka wapi na inaenda wapi, na sikuwahi kuiogopa. Sasa wingu likikusanyika naacha sentensi katikati ya ubao na kwenda dirishani. Mvua ikizidi, mpunga utalala. Isiponyesha, utakuwa makapi. Ndege wakipita juu ya shule nilijiuliza wanaelekea upande gani. Watoto wa darasa la tatu walijifunza haraka kwamba mwalimu akitazama nje, mtu asiombe ruhusa ya kukojoa. Niliwapiga makelele kwa makosa ya koma. Tumbo likaanza kuniwaka, nikaenda kwa muuguzi nikidhani ni amiba. Akanibonyeza, akaniuliza, "Mwalimu, unadaiwa?" Nilimchukia kwa wiki nzima.

Mume wangu ni mtu aliyejaliwa kutosumbuka. Alisema, "Mupunga utaota ukiutazama ao usipoutazama." Ni kweli, na sikumsamehe upesi.

Mwezi wa kwanza wa kurudisha fungu ulipofika, mshahara ulikuwa haujatoka. Ningeweza kumwambia komisioneri anirudishie ile pesa ya shamba la nne, nilipe, nipumue. Nilifikiri hivyo kabisa. Lakini nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu ya magunia, na katika hesabu yangu shamba la nne ndilo lililoleta faida yenyewe, yale matatu yalikuwa ya kulipa deni tu. Sikutaka kuligusa. Badala yake nilimpigia simu mama yangu.

Mama anakaa kijijini kwetu, na ili mtandao umpate ni lazima apande kilima nyuma ya kanisa. Nilisema nataka kusikia sauti yake tu. Huo ulikuwa uongo. Niliomba kama watoto wakubwa wanavyoomba, kwa kuzunguka: nikataja tumbo, nikataja mshahara, nikasema mwezi huu umekuwa mrefu. Mama si mtu wa kuzungushwa.

"Unadaiwa?" aliniuliza.

"Kidogo tu, mama."

"Usisumbuke. Niko na kitu kidogo."

Sikuuliza ni kitu gani. Nilifikiri labda ameuza kuku, au ana akiba ya mawese. Ukweli ni kwamba sikufikiri chochote, nilifurahi tu.

Siku nne baadaye komisioneri alifika shuleni na baiskeli yake, akaniita pembeni, uso unang'aa. Shamba la nne limepatikana, zuri kuliko yote, la kijito. "Mama mumoja alikuja yeye mwenyewe," alisema. "Iko na haraka. Hakubishana bei." Ametoa chini ya nusu, na bado kuna chenji yangu. Alinihesabia mkononi. Nakumbuka nilicheka. Nakumbuka pia nilichosema, na ningelipa nisikumbuke: nilisema heri wenye haraka, wanatulisha sisi wenye subira.

Keshokutwa yake mwendesha pikipiki alileta kopo la karanga za kusaga kutoka kwa mama. Ndani yake, chini, katika mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo matatu, zilikuwamo pesa. Zilitosha fungu la mwezi na riba yake, na zikazidi kidogo. Jumapili ile nililipa, na Jumatatu nilipita kwa lango la mbele kabisa. Nilimsalimia mwenyekiti kabla hajanisalimia, nikanunua na mikate.

Mtu atauliza mwalimu anayefundisha hesabu alishindwaje kujumlisha mambo mawili. Mama hulima porini, na pori halikai mahali pamoja. Tangu niolewe shamba lake limehama mara nyingi, mwaka huu huku, mwaka kesho kule, na la mwaka ule sikuwahi kuliona. Hayo ni maelezo. Nadhani pia sikutaka kujumlisha.

Mavuno yalipoanza niliomba ruhusa ya siku tatu, tukaenda, mimi na komisioneri na pikipiki mbili. Barabara ilikuwa ile ile, unashuka kila penye tope na kusukuma, halafu unalipa kama uliyebebwa. Shamba la kichuguu lilitoa magunia yake. La njia panda lilipungukiwa nusu gunia kwa sababu ya ndege, tukaelewana. La jiwe lilikuwa safi. Jioni tulilala kwa watu wa komisioneri, na nilimwambia kwamba kesho tukimaliza la kijito nitapita kwetu kumshangaza mama.

Asubuhi tulifuata njia ya kijito. Nilisikia kwanza wimbo, mtu anaimba polepole kama anayejisemesha, nami nikaujua ule wimbo kabla sijaijua sauti. Mama alikuwa amesimama katikati ya mpunga, kisu kidogo mkononi, anakata suke moja moja kama alivyonifundisha nikiwa na miaka sita. Upande mmoja wa shamba ulikuwa umekwisha kuvunwa, na magunia mawili yamesimama kwenye kichaka, yameshonwa.

Aliinua kichwa. Alimtazama komisioneri, akanitazama mimi, akalitazama daftari.

"Karibu, mama," aliniambia mwishowe. "Kumbe mwenye mupunga ni weye."

Komisioneri alivua kofia. "Aliniambia iko na mutoto mwalimu kule Kasongo," alisema, akiongea na ardhi. "Akaniomba nisiitangaze kule, mutoto asisikie haya. Lakini walimu wako wengi."

Niliona aibu ambayo sina namna ya kuipamba. Nilimwagiza komisioneri afute shamba la nne. Nilisema kwa ukali, kama ninavyosema darasani, kwa sababu ningesema kwa upole ningelia. Nilisema hakuna deni hapa, mpunga huu ni chakula chake cha mwaka, hatuchukui hata punje.

Mama ndiye aliyekasirika.

"Asifute," alisema. "Mie nilikula pesa ya mutu."

"Hukuila, mama. Ulinitumia mimi."

"Ile ni mambo yangu na mutoto wangu. Huyu mutu alinunua, mie niliuzisha. Ukifuta, watu watasema mama fulani aliuza mupunga mubichi akakataa kutoa. Mwaka kesho nikipata shida nitauzia nani?"

Nilimwambia mwaka kesho hatauza, mimi nipo. Alinitazama kwa huruma, kama ninavyomtazama mtoto anayejibu haraka kabla swali halijaisha. Hakunikumbusha kwamba mwaka ule pia nilikuwapo.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na siku zote nilidhani matanga hayo ni ya aliyekopa. Tulimaliza kuvuna pamoja, sisi watatu, hata komisioneri alikunja kanzu. Gunia la mwisho mama alilijaza yeye mwenyewe kwa beseni, na mimi nikaushika mdomo wake wazi. Lilipojaa sawasawa alichota tena kwa viganja viwili, akamwaga juu. Nyongeza. Ni desturi, muuzaji mwenye adabu humwongezea mnunuzi ili arudi tena. Nilisema, "Mama, mimi." Akasema mnunuzi ni mnunuzi, nishike gunia vizuri, unamwagika.

Mpunga wa mashamba yote manne niliuuza Kasongo bei ilipopanda. Nililipa sanduku mpaka franka ya mwisho, na mwenyekiti akanisifu mbele ya wote kwamba mwalimu anajua kupanga. Makofi yalipigwa. Pesa ya shamba la nne nilimtumia mama yote, katika kopo lile lile la karanga. Aliipokea, akanunua mpunga wa kula kwa bei ya msimu wa njaa, na sehemu iliyozidi akanirudishia, akisema nimekosea kuhesabu.

Bado niko kwenye kikundi. Sijakopa tena, na tumbo limepona, na wingu ni wingu. Hofu yangu imehama, kama shamba la mama. Sasa inakaa kwenye simu. Nikimpigia na kumwuliza kama amekula, kama magoti yanamuuma, kama kuna deni mahali, ananiambia kama zamani, "Usisumbuke. Niko na kitu kidogo." Nami namwuliza: kitu gani, mama? Umekitoa wapi? Umemuuzia nani? Anacheka, upepo wa kilima unasikika ndani ya simu, anasema walimu wana maswali mengi.