Siku Niliyomposa Zuhura kwa Kompyuta

Mpaka leo nikipita mtaa wa Shela, hapa Malindi, kuna wazee wa barazani wanaoniuliza kama ule ua nimeshaununua, nami hucheka nao ili yaishe, ingawa hayaishi. Basi bora niisimulie aibu hii mwenyewe, maana nikiwaachia wao wanatia chumvi (wapo wanaosema nilizimia, na hiyo si kweli, nilikaa chini tu kwa sababu miguu ilikuwa imekataa).

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya intaneti, kompyuta ya nyumbani ikiwa kubwa kama sanduku la harusi, na kuzungumza na mtu wa ng'ambo kupitia kompyuta kukiwa jambo la kuhadithia. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano, naandika riwaya yangu ya kwanza, sina kazi nyingine, na nampenda Zuhura. Yeye alifanya kazi kwenye duka la intaneti karibu na soko, ambako watu walikaa mbele ya mashine na kuwapigia kelele jamaa zao wa Ulaya na Arabuni. Ndiye aliyenipa ile programu ya kupigia simu, akanionyesha jinsi ya kuifungua, kisha akaanza kunieleza masharti yake, lakini mimi wakati ule nilikuwa nautazama mkono wake wenye hina juu ya kipanya, natafuta neno la kuufananisha nao, na masharti yote yakanipita.

Baba yake Zuhura alikuwa ameshafariki, kwa hivyo mwenye idhini ya kumuoza alikuwa ndugu wa baba yake, Ami Mbarak, aliyehamia Uingereza zamani. Bila neno lake hakuna nikaha. Mjomba wangu Salim, aliyekubali kuwa mshenga wangu, alikuwa na mpango mwepesi: twende kwa kina Zuhura, tusalimie, tumpigie Ami Mbarak simu ya kawaida, tuseme, tujibiwe, tule halwa, turudi. Mimi nikasema hapana, tumpigie kwa kompyuta. Nilitaka mzee yule ajue kwamba anayemposa binti wa nduguye si mtu wa hivi hivi.

Nyumba ya kina Zuhura ilikuwa na simu ya waya lakini haikuwa na kompyuta, kwa hivyo yangu niliipakia kwenye mkokoteni, nikaifunika shuka nyeupe kwa ajili ya vumbi, nikaisukuma toka kwetu hadi Shela mchana kweupe. Watu walisimama wakadhani ni maiti, wengine wakadhani ni mahari, na kufika mlangoni nilikuwa nimeshasindikizwa na nusu ya mtaa. Kisha nikaona spika zangu ni ndogo, haifai wanawake watakaokaa nyuma ya pazia wakose kusikia, nikaazima mbili za mtu anayepiga muziki kwenye maharusi, zile za kimo cha kifua, nikaziweka mlangoni.

Mjomba Salim alinitazama nikichomoa waya wa simu na kuuchomeka kwenye kompyuta. Akaniuliza kwa upole kama ameelewa vizuri, kwamba simu ipo, nzima, na sisi tunaiziba ili tupige simu. Nikamwambia ndivyo maendeleo yalivyo. Akavuta tasbihi yake.

(Yafaa mjue pia kwamba kwa desturi yetu mposaji hakai kwenye posa yake, hukaa kwao akatetemeka. Mimi nilikaa kwa jina la fundi.)

Baada ya alasiri mashine ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikaunganika, na sauti ya Ami Mbarak ikatoka, ikiwa imejaa maji. Mjomba akashika maikrofoni akaanza salamu, na salamu za watu wetu mnazijua, haziishi upesi. Akauliza watoto hawajambo. Kimya. Akauliza, na baridi ya huko? Hapo ndipo jibu likaja, hawajambo, wanasoma. Akauliza, na mgongo wako je? Akajibiwa umezidi mwaka huu mpaka mabomba yaganda, au labda alisema imezidi, hatukusikia sawasawa. Mjomba, mtu wa adabu, hakuacha, akauliza na bibi wa nyumbani yuko vipi, na spika zote mbili zikatangaza, "Taabu tupu, nikiinama tu nalia."

Wanawake nyuma ya pazia wakacheka. Nami nikatoka jasho, kwa kuwa nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa nne, na Mjomba alikuwa anaiharibia njia. Ndipo nilipofanya kosa la pili, baada ya lile la kompyuta: nikamnyang'anya mjomba wangu maikrofoni.

Niliisoma hotuba kwa sauti ya chini, yenye mawimbi, kama ninavyosoma sura zangu za mwisho peke yangu chumbani. Nikasema tumezunguka bustani nyingi za dunia (mimi niliyekuwa sijavuka Mtwapa, pwani yetu hii hii), nikasema katika nyumba hii tumeliona ua, tumelipenda ua, na kwa unyenyekevu tumekuja kuliomba ua. Nikanyamaza. Spika ikasema, "Naam."

Mjomba akaniangalia. Nikaendelea ukurasa wa pili, wa umande. Ikasema tena, "Naam." Ukurasa wa tatu sikuumaliza. "Naam," ikasema spika, na Mjomba Salim, aliyekuwa ameshachoka na bustani, akainua mikono. "Alhamdulillahi," akasema. "Kakubali mara tatu."

Kwetu mwanamume akiitwa huitika naam, akikubali husema naam, na asiposikia huuliza naam. Kati ya hizo tatu kuna tofauti ndogo ya kupanda kwa sauti, na kile kidogo ndicho ambacho ile programu ilikuwa inakimeza. Lakini nani aliyefikiri hayo? Vigelegele vilipasuka ndani, vikajibiwa barabarani, na Bi Rukia, mama yake Zuhura, akatoa sahani ya halwa akaiweka mbele yetu huku machozi yakimtoka. Mimi nikatia tonge kinywani.

Lilikuwa bado kwenye ulimi sauti ilipokaa sawa ghafla, safi kama ya mtu aliye chumbani.

"Nyinyi mwashangilia nini?" akauliza Ami Mbarak. "Ua wa marehemu baba hauuzwi. Nilimwambia Rukia mwaka juzi, namwambia tena. Na huyo dalali mwenye maneno matamu ni nani?"

Nyuma ya nyumba ile kuna ua mpana wenye kisima, wa urithi, na kila mwenye fedha mjini alikuwa ameshautolea macho ajenge vyumba vya wageni. Ami Mbarak aliishi Uingereza lakini roho yake ililala pale kisimani. Katika yote niliyoyasoma lilimfikia neno moja tu, na alilielewa kwa namna yake. Bi Rukia akasimama ametahayari, maana sasa shemeji yake alimwona ni mtu wa kuuza urithi wa watu kisiri, na barabarani nilisikia habari ikipita toka mdomo hadi mdomo kwamba tumekuja kununua ua. Akainama, akaiondoa sahani ya halwa mbele yetu, taratibu, bila kututazama.

Ningenyamaza hapo ingekuwa nafuu. Lakini mimi ni mtu wa lugha, nikaona hili ni kosa dogo la ngeli. Nikaishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Ami, si ua wenu," nikasema, "ni ua lenu."

"Naam?"

"Si wenu, Ami. Lenu."

Sauti ikakatika, ikarudi. "Wetu, ndiyo," akasema. "Na utabaki wetu."

Nikamweleza wingi wake, kwamba lile langu ni maua na ule wake ni nyua, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuahidi makufuli, wakili na kuja mwenyewe kulala kisimani. Mjomba Salim alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Mimi nikamwona Zuhura akinipotea pale pale, posa ikifa kwa jina la kiwanja. Hapo ndipo miguu ilipokataa.

Pazia likafunguka. Zuhura alitoka mbele ya wazee, jambo ambalo binti anayeposwa hafanyi, akapiga goti mbele ya kompyuta, akanichukulia maikrofoni bila kunitazama. Akasema, "Shikamoo, Ami," kisha akanyamaza. Tulikaa kimya sote tukisubiri. Marahaba ikaja, akaipokea, ndipo akasema sentensi ya pili. (Hayo ndiyo yaliyokuwa masharti: sema kidogo, nyamaza, ngoja.)

"Hawataki ua."

Akangoja.

"Wananitaka mimi."

Upande wa pili kikasikika kijiko kikizunguka kikombeni, ndipo mjue jinsi sauti ilivyokuwa safi sasa. Ami Mbarak akauliza nani anayemtaka. Zuhura akasema Twalib. Akauliza Twalib yupi, naye akasema huyu fundi. Akauliza huyo fundi ana kazi gani, na hapo Zuhura akanisogezea maikrofoni, kwani hilo alionelea nijibu mwenyewe.

"Naandika riwaya," nikasema.

"Naam?"

"Naandika riwaya, Ami."

"Naam?" akasema, na kijiko bado kilikuwa kinasikika.

Mtaa mzima ulikuwa umenyamaza kunisikiliza nikirudia kazi yangu mara ya tatu, kwa sauti iliyopungua kila mara. Sijawahi kuiona kazi hii ndogo kama nilivyoiona kupitia spika za mpiga muziki. Kisha Ami Mbarak akasema kwamba mimi amenisikia, sasa ataka kumsikia mwanawe. "Na wewe, Zuhura, wamtaka?"

Katika kurasa zangu nne nilikuwa nimemwomba ami yake, nimemwomba mama yake, nimewaomba waliomo makaburini. Yeye sikuwa nimemuuliza. Aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile, jasho langu na halwa iliyoning'inia kidevuni.

"Asubuhi nilikuwa namtaka, Ami," akasema. "Sasa nipe wiki mbili."

Kicheko cha Shela sitaki kukieleza. Niliirudisha kompyuta kwetu kwa mkokoteni, bila shuka, sikuwa na haja ya kuificha tena.

Zile wiki mbili sikuandika mstari. Siku ya tatu nilikwenda hadi kijiji cha Tezo nikaomba kazi ya kufundisha Kiswahili katika shule moja, wakanichukua, na somo la ngeli nililiruka mpaka muhula uliofuata. Siku ya kumi nilimwendea Zuhura dukani kwao, mikono mitupu, nikamuuliza kwa maneno matatu kama atakubali kuolewa nami. Akasema siku zake hazijaisha, nikae pembeni kuna mteja.

Siku ya kumi na nne simu ya dukani kwa Mjomba Salim ililia, simu ya kawaida. Mazungumzo yote hayakumaliza dakika moja, na mimi nilikuwa nimesimama karibu sana hata nikamkanyaga. Alipoweka mkono wa simu nikamuuliza Ami Mbarak amesemaje.

"Zuhura kampigia, kakubali. Naye karidhia," akasema Mjomba. "Kasema pia siku ya nikaha usipewe maikrofoni."

Sikupewa. Neno la kukubali nililisema kwa sauti yangu tupu, na watu wa safu ya nyuma wakaapa kwamba hawakusikia kitu. Tangu hapo nimejiwekea ahadi: jambo zito nalipeleka kwa miguu yangu, nalisema mara moja, na nikishamaliza nafunga mdomo nikingoja nijibiwe, hata kama yule mwingine yuko mbele yangu tu, anakoroga chai.