Koti Lililovuliwa Juu ya Paa

Inasemwa mtaani kwamba marehemu mume wangu, mkuu wa kikosi cha uokoaji kwa kamba, aliingiwa na woga juu ya paa la ghorofa kumi na saba, akavua sare mbele ya umati. Kuvua, alivua. Huo woga ni wao wasemaji. Ningenyamaza, lakini juzi binti yetu amechaguliwa kujiunga na kikosi hicho hicho, na nimesikia wakicheka: "Naye atavua kama babake."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Waya wa jukwaa la wasafisha madirisha ulikatika, na baba mmoja mnene akabaki akining'inia kwa mkanda wake, ghorofa ya kumi na nne. Shule niliyokuwa nikifundisha ilitazamana na jengo lile, kwa hiyo nilikuwepo pale chini.

Mume wangu hakuwahi kushuka kwa kamba moja; wenzake walimwita Kamba Mbili. Yaliyotokea juu nilisimuliwa na msaidizi wake, mama mfupi mwenye sauti ya kengele. Mume wangu alikagua kila fundo kwa mkono, kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa paa. Zege lilikuwa limemeguka, kali kama kisu. Turubai la kulaza chini ya kamba lilikuwa moja tu.

"Shuka na moja, kaka. Leo tu."

"Hiyo leo tu ndiyo itakayomfanya wifi yako mjane."

Akavua koti, akalikunja mara mbili, akalilaza chini ya kamba ya pili.

Huku chini jirani yangu akapiga kelele: "Amevua! Kazi imemshinda!"

Imemshinda nani? Tulimwona akishuka, hatua kwa hatua ukutani, mpaka akamfikia yule baba, akamfunga kifuani pake. Yule baba akamkaba shingo.

"Usiniachie, ndugu yangu!"

"Wewe ndiye unayeninyonga. Legeza kidogo, tufike wote."

Wakafika wote. Barabara nzima ililipuka kwa vifijo, na aliyeshangilia kuliko wote ni jirani yangu yule yule.

Koti ninalo. Kamba ililichimba mfereji mgongoni: matabaka matatu yamekatika, la nne ni zima. Sikulishona.

Binti yangu atavua kama babake? Na avue. Zaidi ya hapo sisemi, na asije mtu kuniuliza.