Kilimia juu ya Nyumba ya Udongo

Jioni ile tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kike, kitindamimba wetu wa kiume, na jirani yetu mwenye mashine ya kusaga, ambaye hakualikwa.

Nyumba ya wazazi wetu pale Dutwa ilikuwa ibomolewe kesho yake. Ukuta wa nyuma ulishapasuka, mvua za kupandia zilikaribia, na fundi alikuwa aje asubuhi kung'oa bati. Kitindamimba hakuwa ameanza kutambaa mama alipomfuata baba kaburini. Hawakumbuki wote wawili. Anachokumbuka ni ile nyumba.

"Dada," aliniambia, "kila siku unapiga picha nyota. Leo piga na nyumba, na sisi tuwemo."

Mchana napiga picha za pasipoti na za harusi. Ndiyo kazi niliyoishika nilipoacha shule kidato cha pili ili hawa wawili wale. Nyota ni za kwangu mwenyewe. Hakuna anayezinunua, na hazilalamiki kwamba nimezinenepesha.

Kiza kilipoingia, Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima hukitazama kabla ya kupanda, kilikuwa kimekaa vizuri juu ya paa. Tatizo lilikuwa taa ya mashine ya jirani, kali kama jua. Nilimwomba aizime kidogo, akakubali. Nikawasha kibatari ndani ili mlango ung'ae, nikaweka kamera kwenye miguu yake mitatu.

"Nikibonyeza, nakuja kusimama nanyi. Nusu dakika nzima, asitikisike mtu. Anayetikisika anafutika."

"Dada, mbu yuko puani," alisema mdogo wangu.

"Mwache ashibe."

Nikabonyeza, nikakimbia, nikasimama. Tulikuwa tumetulia kama nguzo wakati sauti ilipotokea kwenye kona ya nyumba: "Mwadila, wanangu!"

Alikuwa jirani, amekuja kuona kilichomzimisha taa. Mtu mzima akikusalimia Usukumani, binti hasimami wima kama mlingoti. Magoti yangu na ya mdogo wangu yalishafika chini kabla sijaikumbuka kamera. Kitindamimba naye akavua kofia akainama. "Mwadila, baba!" tukaitikia kwa pamoja.

Kwenye picha, nyumba ilitoka safi na Kilimia kilionekana chote. Sisi tulikuwa moshi, ukuta unaonekana kupitia vichwani mwetu.

"Tayari tumekuwa mizimu," alisema kitindamimba. Alicheka, lakini hakuirudisha kamera mkononi mwangu upesi.

Jirani alichungulia. "Kwa hiyo kuwasalimia watoto wa marehemu rafiki yangu ni kosa?"

"Si kosa, baba. Ila imetufuta."

Wakati huo taa yake ilikuwa imeshawaka tena, na wingu lilikuwa linapanda kutoka upande wa Serengeti. Nilimwomba azime mara ya pili. Akajikuna kidevu.

"Wateja wangu wanasubiri unga. Nazima, lakini na mimi utanipigia nzagamba wangu, nyota zikiwa juu yake hivi hivi."

"Dume lako lile kubwa la ng'ombe?"

"Nina lingine? Na pembe zionekane."

Nikakubali bila kufikiri. Alizima taa, kisha akajipanga njiani kama mlinzi. Mama mmoja akapita na ndoo kichwani, akafungua mdomo.

"Hakuna salamu hapa!" jirani akamkemea. "Pita tu!"

Yule mama akapita kimya, ametoa macho kama aliyepita kwa wachawi. Sisi hatukutikisika, hata kucheka tulicheka baadaye. Wingu lilikifunika Kilimia tulipokuwa tunatazama picha. Tulikuwemo wote watatu, na vichwa vyetu.

Asubuhi bati ziling'olewa. Picha niliisafishia Bariadi mjini, na kitindamimba ameitundika juu ya kitanda chake kwenye nyumba mpya ya tofali. Wageni huonyeshwa picha hiyo kabla hawajapewa kiti.

Ila nzagamba hajui kusimama. Nimekwenda zizini mara kadhaa. Akitulia miguu, anatikisa masikio. Akitulia masikio, anageuka kutazama majike. Picha ya mwisho alitoka na vichwa vitatu.

"Wangu ana kimoja," alisema jirani, akanirudishia.

Kila nikipita mashineni ananiuliza nakuja lini. Namjibu mwezi ukipungua, nyota zionekane vizuri, nami naendelea kudaiwa.